Kwa Sababu ya Udhaifu wa Baadhi

Mtu anayetaka kuzungumzia kikombe cha Meza ya Bwana kwa Kiswahili hulazimika kuchagua upande kabla hata hajaanza kubishana. Akisema mvinyo, ametumia neno ambalo Wareno waliliacha pwani, neno lenye ukali na harufu ya pipa. Akisema divai, amechagua neno la kanisani zaidi, ambalo masikioni mwa wengi halileweshi. Akisema juisi ya zabibu, tayari yuko dukani. Neno zabibu nalo lina safari yake: katika Kiarabu lilikotoka hutaja tunda lililokaushwa, ilhali Mswahili hulitumia kwa tunda bichi na kwa kavu pia. Injili, zinaposimulia usiku ule wa mwisho, hazisemi ni divai wala si divai. Zinataja kikombe, kisha zinataja tunda la mzabibu. Katika nafasi hiyo ndogo iliyoachwa wazi ndimo mjadala mzima ulimoingia.

Kwa takriban karne kumi na nane hakuna aliyeihitaji nafasi hiyo, na sababu yake ni ya kimaumbile. Ganda la zabibu hubeba hamira yake lenyewe. Zikikamuliwa, maji yake huanza kuchachuka baada ya muda mfupi, na zabibu zilizovunwa mwishoni mwa kiangazi haziwezi kuisubiri Pasaka zikiwa juisi. Aliyekuwa na mzabibu alikuwa na divai, au alikuwa na siki. Mwaka 1869 ndipo Thomas Bramwell Welch, daktari wa meno na Mmethodisti aliyeishi katika mji wa Vineland, jimbo la New Jersey nchini Marekani, alipotumia maarifa ya Louis Pasteur kuyapasha moto maji ya zabibu ndani ya chupa yakakaa bila kuchachuka. Lengo lake lilikuwa kanisani: alitaka kikombe ambacho Mkristo aliyeapa kuacha pombe angeweza kukipokea bila kuvunja kiapo. Harakati za kupinga ulevi zilikuwa zimeshamiri katika nchi yake na Uingereza, na chupa yake ikapata wanunuzi.

Wapo waliokataa. Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth, London, walipitisha azimio kwamba matumizi ya maji ya zabibu yasiyochachuka, au ya kinywaji chochote kisicho divai halisi, hayana msingi katika mfano wa Bwana. Kanisa Katoliki halikuhitaji azimio jipya, kwa kuwa sheria yake hudai divai ya asili, iliyotokana na zabibu na isiyoharibika. Kati ya chupa ya Welch na azimio la Lambeth, mwaka 1886, dhahabu ya Witwatersrand iligunduliwa na mji wa Johannesburg ukaanza kama kambi ya mahema. Mji huo, kwa hiyo, haujapata kuishi hata siku moja ambayo Wakristo walikuwa na jibu moja. Majibu yote mawili yaliufikia yakiwa katika mizigo ya wahubiri, yakakaa mtaa mmoja.

Kwingineko mabishano haya huendeshwa kwa vifungu vya Maandiko, na kila upande una hoja nzito. Wanaotetea divai hukumbusha kwamba karamu ya Pasaka iliadhimishwa majira ya kuchipua, miezi mingi baada ya mavuno, na kwamba Mtume Paulo, alipowakemea Wakorintho kwa kulewa mezani, aliwaonya juu ya mwenendo wao bila kuwaamuru wabadilishe kinywaji. Tena husema kwamba divai ni alama ya furaha na ya kugeuzwa: zabibu hufa, huchachuka, huwa kitu kingine. Wanaotetea juisi hujibu kwamba alama isiyoweza kupokewa na aliyejeruhiwa na pombe imeacha kuwa alama ya wokovu kwake, na kwamba Paulo huyo huyo alifundisha kuwa mwenye nguvu ajizuie kwa ajili ya aliye dhaifu. Johannesburg inaongeza jambo la tatu, ambalo vifungu havilitaji: historia ya kinywaji chenyewe katika ardhi ile.

Divai ya Afrika Kusini ina tarehe ya kuzaliwa. Jan van Riebeeck, kamanda wa kituo cha Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya India huko Rasi, aliandika katika shajara yake kwamba zabibu za Rasi zilikamuliwa kwa mara ya kwanza tarehe 2 Februari 1659. Mashamba yaliyofuata yalilimwa na watumwa, na utumwa ulipokwisha yalilimwa na vibarua ambao sehemu ya ujira wao ilitolewa kwa divai ya bei ya chini, waliyogawiwa mara kadhaa kwa siku. Mfumo huo, ulioitwa dop, ulipigwa marufuku na sheria katika miaka ya 1960, lakini mabaki yake yaliendelea mashambani kwa muda mrefu. Rasi ya Magharibi ingali ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye idadi kubwa zaidi ya watoto wanaozaliwa na madhara ya pombe waliyoipata tumboni. Chupa inayofunguliwa sakristia ya Johannesburg imesafiri kilomita zipatazo 1,400 kutoka katika mashamba hayo. Kabla ya kuitwa damu ya Bwana, iliwahi kuitwa mshahara.

Johannesburg nayo ilianza kunywa ikiwa changa. Mwanahistoria Charles van Onselen ameeleza jinsi pombe kali ilivyofungamana na migodi. Mfanyakazi aliyemalizia fedha zake kilabuni alichelewa kurudi kwao, na kuchelewa huko kuliwafaa waajiri waliohitaji watu chini ya ardhi. Ulevi ulipozidi hata wengi wakashindwa kushuka shimoni, waajiri wale wale waligeuka kuwa watetezi wa kiasi. Kuanzia tarehe 1 Januari 1897 sheria ya Jamhuri ya Transvaal ilikataza Waafrika wa machimbo ya dhahabu wasiuziwe kileo. Makatazo ya namna hiyo, kwa sura mbalimbali, yaliendelea hadi 1962, Mwafrika aliporuhusiwa kununua divai na vileo vingine vilivyohesabiwa kuwa vya wazungu. Katika miaka iliyotangulia, manispaa iliuza pombe ya mtama katika kumbi zake na kutumia faida yake kuendeshea mitaa ya Waafrika, huku polisi wakimwaga pombe ya mwanamke aliyeipika nyumbani ili alipe karo. Wanafunzi wa Soweto walipoinuka mwezi Juni 1976, kumbi za pombe na maduka ya vileo yalikuwa miongoni mwa majengo waliyoyachoma.

Mtu aliyeishi ndani ya historia hiyo hakuweza kukitazama kikombe kwa macho ya daktari wa Vineland wala kwa macho ya askofu wa Lambeth. Alikuwa na sababu zake, na sababu hizo zilimvuta kuwili.

Upande mmoja kulikuwa na Sophiatown. Katika Kanisa la Christ the King, ambako Padri Trevor Huddleston alihudumu kuanzia mwaka 1943, Waanglikana Waafrika walipiga magoti na kupokea divai katika kikombe cha pamoja. Nje ya mlango sheria iliwakataza kununua chupa ya kinywaji kile kile. Serikali ilikuwa imeamua kwamba divai ni staha ya wazungu, na kanisani mtumishi wa ndani na kibarua wa kiwandani waliipokea kama warithi. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba juisi ingemfaa zaidi kungesikika kama sauti ile ile ya serikali, iliyomwona kuwa mtoto asiyeaminika mbele ya glasi. Kwa watu hao divai ilikuwa ni heshima, na hoja yoyote ya kuiondoa ni lazima kwanza ikiri hilo.

Upande wa pili kulikuwa na Alhamisi. Ndiyo siku ambayo wanawake wa Manyano, chama cha maombi, walikutana, kwa kuwa watumishi wa ndani wengi walipewa mapumziko mchana wa siku hiyo. Wamethodisti walivaa blauzi nyekundu, sketi nyeusi, kola nyeupe na kofia nyeupe. Waliwaombea watoto wao, na waliwaombea waume ambao mshahara wao uliishia ukumbini kabla haujafika jikoni. Katika Umethodisti wa Kiingereza, ambao ndio uliozaa kanisa lao, kikombe kisicho na kileo kilikuwa kimekubalika. Hata hivyo, kwa wanawake hao, juisi haikuhitaji kuungwa mkono na kitabu cha kanuni. Ilikuwa ni hukumu ya akina mama juu ya kile kilichokuwa kikizifanya nyumba zao kuwa tupu. Ukweli ulikuwa na mikunjo pia: jirani wa mwanamke aliyevaa blauzi nyekundu aliweza kuwa mwanamke aliyefukia debe la pombe uani ili polisi wasilione, na wote wawili walikuwa wakiwalisha watoto.

Kuna jambo jingine katika historia ya meza ya Afrika Kusini ambalo lina uzito kuliko yote hayo, na kwa nje halihusiani na divai wala juisi. Mwaka 1829 sinodi ya Kanisa la Reformati la Kiholanzi huko Rasi ilikuwa imeamua kwamba Chakula cha Bwana kitolewe kwa washirika wote pamoja bila kujali rangi wala asili. Mwaka 1857 sinodi ya kanisa hilo ilirudi katika suala hilo. Ilikiri kwamba kwa mujibu wa Maandiko lingekuwa jambo jema washirika wapya wapokewe katika usharika uliopo. Kisha ikaongeza kwamba mahali ambapo utaratibu huo, kwa sababu ya udhaifu wa baadhi, ungeizuia kazi ya Kristo, washirika hao wapatiwe huduma zao katika jengo tofauti. Udhaifu uliokusudiwa ulikuwa wa wazungu wasiotaka kunywa katika kikombe kimoja na weusi. Mwaka uliofuata katiba ya Transvaal, nchi ambayo Johannesburg ingezaliwa ndani yake, ilikataa usawa wa weupe na weusi kanisani na serikalini. Mwaka 1881 liliundwa kanisa la pekee kwa washirika wa misheni, na karne iliyofuata ilizaa makanisa kwa kila kundi la rangi. Ruhusa iliyotolewa kwa shingo upande ikawa kanuni, na kanuni ikawa mojawapo ya nguzo za ubaguzi uliotungiwa sheria.

Matokeo yake yalionekana hadharani mwaka 1982 mjini Ottawa, Kanada. Katika mkutano wa Muungano wa Makanisa ya Reformati Duniani, wajumbe weusi kutoka kusini mwa Afrika, Allan Boesak akiwa miongoni mwao, walikataa kushiriki Chakula cha Bwana pamoja na wajumbe wa makanisa ya wazungu ya nchi yao. Walieleza kwamba hawangeweza kuigiza ugenini umoja walionyimwa nyumbani. Mkutano ukautangaza utetezi wa kidini wa ubaguzi kuwa uzushi, ukamchagua Boesak kuwa rais wake.

Hapo ndipo swali la kikombe linapopata ukali wake. Sinodi ya 1857 ilitumia hoja ya Paulo, ile ile wanayoitumia leo watetezi wa juisi: tuwavumilie walio dhaifu. Hoja moja imetumika kuwatoa watu mezani, na hoja hiyo hiyo inaweza kutumika kuwarudisha. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba kanisa linawahurumia wanyonge wake. Inafaa kuuliza, huruma hiyo ikishatekelezwa, ni nani anayebaki ameketi na ni nani anayetakiwa kuinuka.

Swali hilo si la kale. Huko Yeoville, mtaa wa Johannesburg ambao tangu miaka ya 1990 umepokea Wakongo wengi, mtu anaweza kutembea barabara ya Rockey akanunua sombe na samaki wa chumvi, akasikia Kilingala, Kifaransa na Kiswahili kabla hajafika kona. Jumapili, kumbi za kupangisha na vyumba vya juu ya maduka hugeuka makanisa. Katika kundi moja dogo la wasema Kiswahili walikuwamo watu wa Bukavu na Uvira, wa Bujumbura, wa Kigoma na wa Nairobi. Walikuwa wamelelewa kwa mapadri, kwa wachungaji wa Kianglikana na kwa Wapentekoste, nao waliunganishwa na lugha na ugeni kuliko ungamo lolote la imani. Nyimbo waliafikiana. Kikombe hawakuwahi kukijadili. Mchungaji wao, aliyekulia Uanglikana, alinunua divai, na divai ndiyo waliyokunywa katika vikombe vidogo vilivyopitishwa juu ya sinia.

Aliyeandaa sinia alikuwa mama wa makamo kutoka Uvira. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi alihesabu watu kabla ya kumimina, kwa kuwa divai ilikuwa ghali na hakupenda kuimwaga. Aligundua kwamba kikombe kimoja hurudi kimejaa, mwezi baada ya mwezi. Aligundua pia kwamba mlinzi wa usiku, mtu wa Bukavu, hupigiwa simu kila sinia inapokaribia mstari wake, naye hutoka nje kuipokea. Hakumwambia mtu. Katika kikao cha wazee alisema tu kwamba yuko mshirika asiyeweza kunywa, akauliza ifanyweje.

Jibu la kwanza lilikuwa la busara na lilitolewa kwa nia njema: sinia iwe na vikombe vya aina mbili, divai katikati na juisi pembeni, kila mtu achukue kinachomfaa. Makanisa mengi hufanya hivyo. Wazee walikuwa karibu kuafikiana pale mlinzi yule, aliyekuwa kikaoni kwa sababu ndiye aliyetunza funguo za ukumbi, aliposimama.

“Wazee wangu, kikombe anachokisema mama ni changu,” alisema. “Nimekaa miaka mitatu sijagusa pombe. Mkiniwekea cha kwangu pembeni, kila mkono utakaonipitishia sinia utasoma habari zangu. Sina mke hapa, sina ndugu. Nilicho nacho ni kukaa katikati yenu nikiwa kama ninyi.”

Mchungaji alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Ndugu yangu, hakuna anayetaka kukuaibisha. Lakini tukiiondoa divai, hatumwambii mama huyu kwamba wazazi wake walikosea? Na kesho akija asiyeweza kula ngano, tutauondoa na mkate?”

Mama wa Uvira ndiye aliyejibu. “Baba Mchungaji, mimi nimelelewa na mapadri. Kwetu walei tulipewa hostia tu, kikombe alikunywa padri, na hakuna aliyetuambia kwamba tumepungukiwa. Divai ya altare nimeionja huku ugenini, tayari nina wajukuu. Kitu nilichoishi bila hicho miaka yote ile hakiwezi kunishinda leo. Na huyo wa mkate akija, tutakaa tena kama tulivyokaa. Ombi langu ni moja: msiniletee soda nyekundu. Iwe zabibu.”

Uamuzi ulikuwa juisi kwa wote. Haukuwa uamuzi usio na gharama. Familia moja iliona kwamba kundi limeacha agizo la Bwana kwa ajili ya mtu mmoja, ikahamia parokia inayotumia divai, na hakuna aliyewalaumu kwa uzito wa dhamiri zao. Mwezi uliofuata vikombe vilivyomiminwa vilikuwa vichache kuliko zamani, na vyote vilirudi vitupu.

Ukipimwa kwa mizani ya 1857, uamuzi wa Yeoville ni kinyume chake kamili. Huko Rasi, walioitwa dhaifu walikuwa ndio wenye nguvu: wenye ardhi, wenye kura na wenye funguo za kanisa. Udhaifu wao ulikuwa ni kutopenda, na aliyeulipia ni yule asiye na sauti, aliyeonyeshwa jengo jingine. Huko Yeoville, aliye dhaifu alikuwa dhaifu kweli, na waliosogea ni wale walioweza kusogea. Vikombe vya aina mbili vingekuwa njia ya katikati, na yapo makundi ambayo njia hiyo inawafaa, hasa pale wengi wanapochukua juisi kwa sababu mbalimbali na mkono wa mtu hausemi lolote. Mahali ambapo mkono mmoja tu ungeenda pembeni, sinia ingekuwa na majengo mawili.

Ombi la mama yule kwamba iwe zabibu linafungua mlango mwingine, kwa kuwa wapo Waafrika waliouliza kwa nini iwe zabibu. Kanisa la Kimbangu, lililotokana na huduma ya Simon Kimbangu iliyoanza tarehe 6 Aprili 1921 huko Nkamba, Kongo, halikuadhimisha Ekaristi kwa miaka hamsini. Lilipoiadhimisha kwa mara ya kwanza, tarehe 6 Aprili 1971, mahali pa divai palikuwa na asali iliyochanganywa na maji, na mkate wake ulitengenezwa kwa mazao ya Kongo, yakiwamo mahindi na ndizi. Kanisa linalokataza pombe lilikwepa mabishano ya Welch na Lambeth kwa kutoka nje ya shamba la mizabibu. Jean-Marc Ela, mwanateolojia Mkatoliki wa Kamerun, alihoji kwa ukali kwa nini mkulima wa mtama amtegemee mwagizaji wa ngano na divai ili akutane na Mungu wake. Roma haikulikubali jibu la namna hiyo. Misale ya majimbo ya Zaire, iliyoidhinishwa mwaka 1988, iliruhusu ngoma, mababu katika litania na mpangilio mpya wa ibada, lakini ngano na zabibu zilibaki. Mapadri Wakatoliki wa Bihawana, karibu na Dodoma, walikuwa wamechagua njia yao: walipanda mizabibu wapate divai ya misa, na leo mkulima wa Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka katika nchi kame ambayo hakuna aliyeitarajia kuwa nchi ya divai.

Mifano hii haimalizi ubishi, ila inaonyesha kwamba hakuna kanisa lililowahi kupokea kikombe bila kuamua jambo kuhusu watu wanaokizunguka. Hata sheria iliyo ngumu kuliko zote inalijua hilo. Mwaka 2003 ofisi ya Vatikani inayosimamia mafundisho ya imani iliwaandikia wakuu wa mabaraza ya maaskofu kuhusu mustum, yaani maji ya zabibu ambayo kuchachuka kwake kumesimamishwa bila kuharibu asili yake. Ilieleza kwamba askofu anaweza kumruhusu padri asiyeweza kunywa kileo aitumie. Kanisa lisilokubali juisi limetafuta chupa ambayo bado linaweza kuiita divai, ili padri anayepambana na ulevi asiondolewe altareni. Kwa mlei, fundisho lake kwamba Kristo yupo mzima katika mkate peke yake hufanya kazi hiyo hiyo, alimradi parokia isimgeuze anayekipita kikombe kuwa mtu wa kutazamwa.

Kwa hiyo Mkristo wa Johannesburg hahitaji kuamini kwamba mababu wa Sophiatown walikosea walipoinama mbele ya divai, wala kwamba akina mama wa Alhamisi walikosea walipoikataa. Wale walikuwa wakikataa kufanywa watoto, na hawa walikuwa wakikataa kufanywa wajane wa watu walio hai. Wote walikuwa wakiilinda meza moja dhidi ya nguvu ile ile, iliyouza kileo kwa faida na kukikataza kwa faida. Anayetaka kuwa mwaminifu kwao leo atazame kundi lake mwenyewe, si la jirani, na ahesabu vikombe kama mama wa Uvira alivyovihesabu.

Udhaifu wa baadhi utakuwapo daima katika kila usharika. Afrika Kusini imelipa gharama kubwa kujifunza kwamba neno hilo hutamkwa kwa urahisi na wale ambao hawatahamishwa. Likitamkwa tena, juu ya divai, juu ya juisi au juu ya kitu ambacho bado hakijafikiriwa, wanaoketi katikati ya meza ndio wanaopaswa kusogea kwanza.